Kiswahili cha Kuomba, Kiswahili cha Kutisha: Lini Kitauza Sambaza?

Leo niko na neno juu ya mama mmoja muuza sambaza. Hayupo kweli, yuko ndani ya mchezo wa video, lakini tangu nimuone sijatulia.

Mdogo wetu mmoja wa informatiki alituletea proje yake ya kumaliza masomo. Tulikuwa watu kama kumi na tano mu oditwari, umeme umeenda sawa kawaida, grupu inanguruma dirishani. Mchezo wake ni wa kijana wa motari hapa Bukavu. Anabeba abiria kutoka Nguba, anapanda Kadutu, anakwepa mashimo na tope, anasimama sokoni kuchukua mizigo. Ameutengeneza peke yake, usiku, kwa kompyuta ya kukopa. Nasema wazi mbele ya wote: ni kazi nzuri. Vile motari inateleza mvua ikinyesha, mtu yeyote aliyeshuka ile barabara mu mwezi wa 11 anaijua mu mifupa.

Kwa ukurasa wa kwanza, kabla hujabonyeza kuanza, ameweka wimbo. Ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin. Oditwari nzima ikaanza kuimba, hata wale ambao hawajawahi kushika maneti. Tukaingia sasa ndani ya mchezo. Motari inasimama mbele ya mama wa sambaza, kitambaa kichwani, beseni mbele yake, na mama anafungua kinywa: "Bonjour, monsieur." Akaendelea hivyo hivyo, Kifaransa kilichonyooka, cha mtangazaji wa televisheni.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, tangu lini mama wa Kadutu anauza sambaza kwa Kifaransa?"

"Mukubwa, nilianzaka na Kiswahili. Benzangu bakacheka. Ilionekana haiko seriye, sawa vile teatri ya batoto."

"Na wimbo je? Si ni Kiswahili?"

"Ile ni Baba Yetu, mukubwa. Ile inaweza."

Wiki tatu sasa nageuza hilo jibu mu kichwa. Wimbo wa Kiswahili unaweza kukaa mu mchezo wa video, mama wa Kiswahili hawezi. Sitaki kumlaumu mdogo wetu, sababu hakuizua hiyo kanuni. Alifundishwa, na mimi pia nilifundishwa pamoja naye, mu zile sale za Play tulizokulia, televisheni tatu, kiti cha mbao, maneti zimefungwa na skochi. Michezo ya mbali ilitufundisha Kiswahili ni cha nini: ni cha kuomba Mungu na cha kutisha wazungu. Nitaeleza kwa mifano, na nitaanza na ule mzuri, sababu wimbo wenyewe naupenda na sitaki mtu aseme nimekuja kuuponda.

Mwaka wa 2005 studio ya Marekani inayoitwa Firaxis ilitoa Civilization IV. Kwa wale wasioujua: unapewa taifa moja, unaanza mwaka wa 4000 kabla ya Kristo na kijiji kimoja, na unalisukuma mpaka enzi ya kwenda angani, kwa jembe, kwa biashara, kwa ujanja ao kwa vita. Mbunifu mkuu alikuwa Soren Johnson. Alikuwa amesoma chuo cha Stanford, na mu chumba chake cha wanafunzi alikuwa amekaa na kijana wa muziki, Christopher Tin. Miaka ilipita, wakakutana tena, na Johnson akamuomba rafiki yake wimbo wa kufungulia mchezo. Ndivyo ilivyokuwa, wandugu: urafiki wa bweni. Sisi hapa tunatafuta siri za mafanikio kwenye makongamano, kumbe kitu kingine kinatoka kwa mtu uliyekuwa unakula naye wali usiku wa mtihani.

Tin akachukua sala ya Bwana kwa Kiswahili akaipa muziki. Walioimba mara ya kwanza ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford hiyo hiyo, na Ron Ragin akiwa sauti ya mbele. Mwaka wa 2009 Tin akaurekodi tena mu albamu yake *Calling All Dawns*, mara hii na Soweto Gospel Choir na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Albamu ina nyimbo 12 kwa lugha 12, Kijapani, Kipolandi, Kimaori na zingine, na Kiswahili ndicho kinachofungua mlango. Mwezi wa 2 wa 2011 ikaja Grammy: wimbo ukashinda tuzo ya upangaji wa vyombo unaosindikiza mwimbaji, albamu ikashinda yake mu aina nyingine. Dunia ikaandika: muziki uliotungwa kwa mchezo wa video umepata Grammy kwa mara ya kwanza.

Hapo niweke kidole kidogo, sababu tunapenda kurudia hiyo habari bila kuiangalia. Wimbo haukushinda mu meza ya michezo ya video, juu meza hiyo haikuwepo. Ulishinda kama kipande cha albamu, miaka mitano na kitu baada ya mchezo kutoka, ukiwa umevalishwa orkestra mpya. Grammy iliyotengwa kwa muziki wa michezo peke yake ilitolewa mara ya kwanza 2023, na aliyeichukua ni Stephanie Economou kwa muziki wa Assassin's Creed. Kabla ya hapo, 2012, Austin Wintory alikuwa ameteuliwa kwa muziki wa Journey, akashindana na filamu, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo "Baba Yetu" ilipita kwa dirisha, si kwa mlango. Sisemi hivyo kuupunguza. Nasema hivyo sababu anayesema "Kiswahili kimeshinda Grammy" anaruka mambo mengi.

Je, ni wimbo mzuri? Ndiyo, na si juu ya lugha tu. Unaanza na sauti moja ya mwanaume, kwaya inamjibu, ngoma inaingia chini, halafu orkestra inapanda nyuma yao polepole mpaka unajikuta umesimama bila kujua ulisimama saa ngapi. Nilimpelekea papa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu asikilize kwa simu. Alisikiliza mara mbili, macho yamefungwa. Akasema, "Huyu mutu anajua kwaya. Lakini sala ameikata-kata." Ana haki. Kuna pahali Tin anashika neno moja la sentensi, analirudia-rudia sawa anapiga ngoma, na maana inabaki nyuma inasubiri. Mtu anayesali angepumua mwisho wa sentensi. Tin anapumua pale mdundo unamtaka. Nikamkumbusha papa mwalimu kwamba kwaya yake pia, siku ya Pasaka, inashika aleluya moja na kuitembeza dakika nne. Akacheka, akasema hiyo ni aleluya, haina sentensi. Niliona ameshinda hoja, nikanyamaza.

Lakini shida yangu na wimbo haiko mu muziki. Iko mu pahali ulipowekwa.

Ukifungua Civilization IV unaona dunia inazunguka angani, na juu yake sala ya Kiswahili. Inapendeza, kweli. Sasa bonyeza kuanza. Angalia orodha ya mataifa ya kuchagua. Kwa Afrika, mchezo ulipotoka ulikuwa na Misri na Mali ya Mansa Musa. Baadaye wakaongeza Wazulu, Karthago, Ethiopia. Waswahili hawamo. Kilwa, Mombasa, Zanzibar, ile miji ya mawe iliyokuwa inauza dhahabu mpaka Bahari ya Hindi, haimo kama taifa unaloweza kulishika. Na sikiliza muziki wa ndani kadiri karne zinavyopita. Ukifika enzi za kati unasikia uimbaji wa kanisa la Ulaya. Ukiendelea, anakuja Bach, anakuja Mozart, Beethoven, Dvořák, na enzi za kisasa anafika John Adams Mmarekani. Unaweza kuwa Mansa Musa, mji wako Timbuktu, misikiti kila kona, na Bach anakupigia kinanda kukuambia sasa umestaarabika.

Sikulijua hilo nilipokuwa kijana. Niliusikia Mozart nikafikiri ndivyo maendeleo yanavyolia. Leo ndiyo naona vile kazi iligawanywa: Kiswahili kilipewa mwanzo wa binadamu, asubuhi ya dunia, kabla ya historia kuanza. Historia yenyewe ilipopiga hodi, Kiswahili kikaombwa kibaki nje. Na kuna kichekesho ndani yake. Kile kinachopigwa kama sauti ya kale kabisa, kabla ya mwaka wa 4000, ni sala ya Palestina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili cha kuandikwa na wamisionari wa karne ya 19, akina Krapf na Steere na wenzao. Babu wa babu yangu alikuwa mkubwa kuliko tafsiri hiyo. Kiswahili kama kingewekwa pahali pake pa kweli mu historia, kingekuwa bandarini, kinabishana juu ya uzito wa pembe na bei ya vitambaa.

Sasa twende kwa mfano wa pili, na huu tuliucheza kwa jasho.

Resident Evil 5, studio ya Capcom ya Japani, mwezi wa 3 wa 2009. Shujaa Chris Redfield, Mmarekani mweupe mwenye mikono sawa mapaja, anatumwa mu eneo la Afrika linaloitwa Kijuju. Halipo popote. Wameliweka Afrika Magharibi. Wakaaji wake wameingiliwa na vidudu vinavyowafanya wauaji, na jina lao mu mchezo ni Majini. Ndiyo, majini yetu, wingi wa jini, neno ambalo Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu na ambalo huku tunalisikia kila jumapili mu mahubiri. Na hao Majini wa Afrika Magharibi wanapiga kelele kwa Kiswahili. Ni sawa vile mtu aandike filamu ya Ureno na kila mtu aseme Kirusi. Jina Kijuju lenyewe liko hivyo: mbele kuna "ki" ya lugha zetu, nyuma kuna juju ya kule upande wa Nigeria, wamebandika kama kiraka.

Makelele ya mchezo huu yalianza kabla haujatoka. Picha za kwanza zilioneshwa 2007: mzungu mwenye bunduki mu kijiji, watu weusi wanamkimbilia, anawaangusha mmoja mmoja. N'Gai Croal, mwandishi mweusi wa Marekani aliyekuwa Newsweek, alisema 2008 kwamba picha za namna hiyo zina historia yake, na wenye kuzitengeneza wanaonekana hawaijui. Capcom wakasema hawakuwa na nia ya ubaguzi. Mchezo ulipotoka, Chris alikuwa na mwenzake wa Kiafrika, Sheva Alomar, na kati ya Majini ulikuwa unaona watu wa rangi mbalimbali. Halafu unaendelea kucheza, unafika kwa Wandipaya, na hao wamevaa sketi za majani, wanarusha mikuki. Ndipo unajiuliza yale majibizano ya miaka miwili yalisaidia nini.

Wengi wameandika juu ya rangi ya ngozi mu mchezo huu, na wameandika vizuri. Juu ya lugha nimesoma kidogo sana. Basi niwaambie ilikuwaje kwetu. Tuko mu sale, vijana nane, jua la saa tisa, pazia imeshushwa ili televisheni ionekane. Anayecheza amepewa dakika zake. Majini wanaanza kupiga kelele nyuma ya ukuta, na mu kelele mmoja wetu anashika neno. Akasema, "Eh! Huyu anasema Kiswahili!" Tukakaza masikio. Tukashika lingine, na lingine. Lafudhi si ya hapa, si ya Goma, si ya Lubumbashi, lakini ni maneno yetu. Mwenye sale akaongeza sauti. Na woga ukaisha pale pale. Tulianza kucheka, tukaanza kuwajibu wale Majini kwa Kiswahili cha kwetu, mmoja akamwambia jini atulie kwanza aeleze shida yake. Aliyekuwa anacheza akacheka mpaka akauawa, akadai arudishiwe dakika.

Wakati huo niliona ni mchezo tu. Leo naona tulikuwa tumegundua kitu: ile hofu ilijengwa juu ya msingi kwamba mchezaji hatasikia. Kiswahili kilichaguliwa kwa kazi ya kutokueleweka. Mchezaji wa Osaka, wa Paris, wa Chicago, anasikia kelele za watu wasioweza kuongeleshwa, na hilo ndilo linampa ruhusa ya kupiga risasi. Siku lugha inaeleweka, jini anageuka jirani aliyekasirika. Hakuna aliyewaza kwamba upande wa pili wa televisheni atakaa mtu wa Bukavu.

Nitende haki. Capcom hao hao mu Resident Evil 4, mwaka wa 2005, waliwafanyia hivyo wanakijiji wa Uhispania, na Wahispania walicheka kusikia wakulima wao wanasema kwa lafudhi ya Amerika ya Kilatini. Kwa hiyo si chuki ya pekee kwetu, ni uvivu wa namna moja. Tofauti iko mu hesabu. Kihispania kina mamia ya michezo mingine ambamo kinapika, kinatongoza, kinafanya siasa, kinaudhi. Kikitukanwa mu mmoja, kinarudi nyumbani. Kiswahili, kwa kijana wa sale yetu, kilikuwa na nyumba mbili tu: kanisa la Tin na kijiji cha Majini. Mama wa sambaza wa mdogo wetu aende wapi?

Mtu ataniambia mambo yamebadilika, na kweli kuna kitu. Firaxis, mu Civilization VI ya 2016, waliweka ufalme wa Kongo tangu siku ya kwanza, na kiongozi Mvemba a Nzinga, yule tuliyemsoma shuleni kwa jina la Afonso wa Kwanza. Na anaongea Kikongo. Anakusalimia kwa Kikongo, anakupa masharti kwa Kikongo, anakutangazia vita kwa Kikongo. Mara ya kwanza niliposikia nilisimamisha mchezo. Kikongo si lugha yangu, silijui hata neno la kuombea maji, lakini niliona lugha ya kwetu imepewa kiti mezani, inafanya siasa na Roma na China, haiombi, haipigi kelele. Hicho ndicho nilichokuwa nataka, na nasema asante bila kuuma meno.

Halafu nikasoma kanuni zake. Mvemba a Nzinga mu mchezo haruhusiwi kuanzisha dini. Hawezi kujenga eneo takatifu, hawezi kumpata nabii mkuu. Anangoja dini ya wengine iingie mu miji yake, ndipo afaidi matunda yake. Naelewa walipoitoa: mfalme huyo alikuwa Mkristo aliyeongoka, na alilichukua jambo hilo kwa nguvu zote, mpaka mwana wake Henrique akawekwa kuwa askofu mwaka wa 1518. Lakini mu mchezo unaodumu miaka elfu sita, kanuni ya mtu mmoja inakuwa kanuni ya taifa lake milele. Na ni taifa gani? Ni watu wa Kimpa Vita, aliyechomwa moto 1706 sababu alihubiri Ukristo wa Kikongo. Ni watu wa Simon Kimbangu, aliyeanza pale Nkamba 1921 na ambaye kanisa lake mnalijua, wengine wenu mnasali humo. Kati ya mataifa yote ya kuwaambia "ninyi dini mtapokea tu", walimpata Mukongo! Hapo sikuchukia, nilicheka peke yangu usiku mpaka mdogo wangu akaamka.

Na mitaa ya Kongo, inayoitwa Mbanza, inajengwa mu msitu tu. Mbanza Kongo ya kweli iko juu ya uwanda wa juu, leo upande wa Angola, mji uliokuwa na makanisa na mfalme anayeandika barua. Mwaka wa 1526 mfalme huyo huyo alimwandikia mwenzake wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake na kuwauza. Mtu wa barua wamempa miti.

Sitazunguka sana kwa habari ya koltani, sababu kila mmoja wenu anaijua na wengi mmeandikia memwari. Tantali inayotoka mu koltani iko ndani ya mashine hizi. Mwaka wa 2000 bei yake ilipanda kwa ghafla, na PlayStation 2 ilitoka mwaka huo huo, ndiyo maana baadaye wengine wakaita vita yetu "vita ya PlayStation". Kwangu hilo jina ni la kuuza magazeti. Vita ilikuwa na mizizi yake kabla ya mashine hiyo, na simu na kompyuta zilikula tantali pia. Ninachotaka kusema ni kidogo: mwaka wa 2011 Molleindustria, yaani Paolo Pedercini wa Italia, walitoa mchezo wa simu, Phone Story, unaoonesha simu inazaliwaje, ukianza na watoto wanaochimba koltani huku kwetu wakilindwa na bunduki. Apple waliuondoa dukani mwao haraka sana. Ni kazi ya ujasiri, niko upande wake. Lakini anayesimulia mu mchezo huo ni nani? Ni simu. Simu ina sauti, mchimbaji ana mgongo. Hata aliyekuja kututetea hakuona haja ya sisi kusema kitu.

Nimerudi kwa mdogo wetu. Nilimwandikia haya yote, marefu kuliko hapa, akanijibu kwa sauti ya simu: "Mukubwa, nimesikia. Lakini direkteri anataka memwari kwa Kifaransa, na jeu pia." Nikamwambia memwari iende Kifaransa, ni kanuni ya nyumba, lakini mama wa sambaza si mwanafunzi wa kitivo chochote. Na nilimwambia pia kwamba wimbo wa Tin una mwenyewe, siku akitaka kuuza mchezo atauondoa, hivyo afadhali azoee mapema. Alinyamaza siku nne. Nilifikiri amekasirika.

Siku ya tano akanipigia tukutane Kadutu. Alikuwa na simu yake na kipaza sauti cha kukopa (huyu kijana anakopa kila kitu, Mungu amsaidie). Tulikwenda kwa mama mmoja ambaye dada yangu ananunua kwake. Tulimsalimia, tukamueleza. Alidhani ni watu wa redio, akajifunga kitambaa upya. Akarekodiwa anavyouza: anaita mteja, anapima kikombe, anaongeza kidogo juu, anakataa bei ya chini, anauliza mtoto wa fulani amepona. Kiswahili cha hapa, na "ao" yake na "bile" yake, na katikati Mashi kidogo na jirani wa meza ya pili, hata Kifaransa neno moja mbili, sababu ndivyo anavyoongea.

Jumamosi iliyopita tuliuangalia tena mu oditwari. Mama alipofungua kinywa, watu wakacheka, sawa vile mdogo wetu alivyotabiri. Walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili motari iliposimama pale, dada mmoja wa sheria akaanza kumjibu mama, akataka apunguziwe. Mchezo haujui kupunguza bei, mama akarudia neno lake lile lile, na oditwari nzima ikamuunga mkono mama. Mdogo wetu alikuwa ameshaanza kuandika kitu mu kadaftari kake. Direkteri bado hajasema ndiyo.

Tulirudi kumuonesha mama mwenyewe, kwa simu, kati ya wateja wawili. Alijisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Kisha akasema ile bei ni ya mwezi uliopita, waibadilishe kabla watu hawajaona.